Sisi wa Nyando tunazama kila masika. Je, tuna nafasi ya kuwatetea wenzetu wa bomba la mafuta kule Uganda na Tanzania?

#1 Nyar Kano (Ahero)

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mnisomee hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Niko Ahero, si mbali na daraja la Nyando. Tuna kikundi cha watu 19, akina mama 14 wa chama na vijana 5 wa bodaboda. Tulianza kwa ajili ya mafuriko tu. Mvua ikinyesha huko juu Nandi na Kericho, huku kwetu jua linaweza kuwa linawaka, lakini tunajua usiku maji yatafika. Vijana hupita na pikipiki wakipiga honi, nasi tunabeba watoto na magodoro kwenda palipoinuka. Hiyo ndiyo kazi tuliyoizoea.

Kwenye ukuta wa sebule yangu kuna mstari wa rangi ya chai. Ni maji ya Aprili 2024, yalifika usawa wa swichi ya taa. Nimeupaka chokaa mara mbili na mara zote mbili umerudi. Chini ya mstari plasta inabonyea ukiigusa kwa kidole, kama mkate uliolowa. Mtoto wangu mdogo huutumia kujipima urefu. Akiupita anafurahi, mimi nageuka nisimwone.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mtoto wa shangazi yangu aliolewa Kyotera, Uganda. Alikuja matanga, tukakaa naye siku 4. Usiku wa pili akaanza kusimulia. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Tanga linapita kwenye shamba la mumewe. Walikuja wapimaji, wakahesabu mibuni na migomba, wakaandika, wakawaambia kuanzia siku hiyo wasipande mazao ya muda mrefu wala kuongeza chochote kwenye nyumba, wangoje fidia. Wakangoja. Miaka ikapita. Paa likaanza kuvuja juu ya kitanda cha watoto, na hawakujua kama wana ruhusa ya kubadilisha bati moja. Mibuni ikazeeka bila kupandwa mingine. Fidia ilipofika, bei ya ardhi hapo jirani ilikuwa imeshapanda, ile pesa haikununua hata nusu ya walichokuwa nacho.

Nilipoleta habari hizi kikundini nikasema: tufanye kitu. Tupige kelele kutoka upande huu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, aliyeyaona mafuriko ya Uhuru, yale ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana, akasimama akaniuliza, "Binti yangu, sisi tuko shingoni ndani ya maji. Mtu aliye majini anamvutaje mwingine?" Watu wakanyamaza. Mimi nilikosa jibu, na nilijua kuwa sijashindwa, nimekosa maneno tu.

Nawaomba mnisaidie kufikiri. Je, ni haki kuwatoa watu wa hapa kwetu Kano jasho kwa ajili ya Kyotera na Kagera ya Tanzania? Na kama ni haki, tuanzie wapi tusije tukajifanya tunaijua shida ya watu kuliko wenyewe?

#2 Wa Njoro

Dada, pole kwa nyumba. Nitasema ninavyoona, usinichukie.

Uganda iligundua mafuta yale mwaka 2006. Wazungu wamejenga reli, hospitali na vyuo vyao kwa makaa na mafuta kwa miaka zaidi ya 100. Leo sisi tukipata kidogo tunaambiwa tuyaache ardhini kwa ajili ya tabianchi. Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia. Mbona sisi ndio tuanze kujinyima?

Nina kijana nyumbani aliyesomea kuchomelea vyuma. Ana cheti, ana mikono, hana kazi. Bomba la kilomita zaidi ya elfu moja ni chuma kitupu. Akiitwa huko, nimzuie kwa sababu gani? Na kesho mafuta ya Lokichar yakianza kutoka, mtakwenda kuwaambia Waturkana nao wakae na njaa?

Sina ubaya. Nauliza kama mzazi.

#3 Mvuvi wa Dunga

Nyar Kano, mwambie mzee wako kwamba maji anayozama ndani yake yanashika Uganda na Tanzania pia. Mei 17, 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, ambayo bila shaka mzee anaikumbuka. Hapa Dunga tulihamisha vibanda vya samaki. Nikampigia simu mwenzangu wa Bukoba ninayemuuzia nyavu, naye alikuwa anahamisha vyake siku ileile.

Bomba halipiti ndani ya ziwa. Linazunguka upande wa magharibi na kusini, lakini sehemu kubwa ya safari hiyo imo ndani ya bonde linalolisha ziwa hili, na linauvuka mto Kagera. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga ndani ya Victoria. Mafuta yakimwagika huko, nani atakula omena?

Sisi tunaoishi kwa ziwa hatuoni kwamba huko ni nje ya nchi.

#4 Mwalimu wa Nambale

Ndugu yangu Wa Njoro, swali lako ni la haki na halistahili kujibiwa kwa hasira. Hebu nikupe hesabu ninazowapa wanafunzi wangu, kisha uamue.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443. Kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania, hadi rasi ya Chongoleani karibu na Tanga. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto hadi nyuzi 50 njia nzima, mchana na usiku, miaka yote litakapofanya kazi. Na hisa ziko hivi: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, CNOOC ya China 8, Uganda 15, Tanzania 15. Ukijumlisha zetu sisi Waafrika wa Mashariki ni 30. Aliyetoa shamba ni mkulima wa Kyotera. Aliyeshika 62 yuko Paris.

Sasa kuhusu kujinyima. Anayedai haki ya tabianchi hasemi maskini abaki maskini. Anauliza nani anavuna na nani anabeba gharama. Februari na Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga Msumbiji mara mbili, kikaingia Malawi. Kule Blantyre mtaa wa Chilobwe uliporomokewa na mlima usiku watu wakiwa wamelala. Malawi haina kisima hata kimoja cha mafuta kilichoifanya istahili hilo.

Tena kuna hili, na hapa nawaomba Wakenya wenzangu mtulie. Benki nyingi kubwa za Ulaya zilikataa kuugharamia mradi huu kwa sababu ya kelele za watu wa kawaida waliowaandikia barua na kusimama milangoni mwao. Machi 2025 kampuni ya bomba ikatangaza awamu ya kwanza ya mkopo imepatikana kutoka benki 5. Zimo Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini na Stanbic Uganda. Imo pia KCB Uganda, ambayo ni ya KCB yetu ya Kenya.

Kwa hiyo Nyar Kano, ukirudi kwa mzee usianze na Kyotera. Anza na pesa zetu sisi tunaoweka na kukopa kila wiki. Tunazo simu na miguu ya kwenda kuuliza zinafanya nini.

#5 Wa Njoro

Mwalimu, hilo la benki sikuwa nalijua. Nimesoma mara tatu.

Nitawaambia jambo. Aprili 29, 2024 nilikuwa Mai Mahiu. Siishi huko, nilikwenda asubuhi ile na lori la jirani kusaidia kutafuta watu Kamuchiri. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, yakapasua usiku. Tulitoa matope kwa sufuria na kwa mikono. Nilichimbua kiatu cha shule, cheusi, kamba bado zimefungwa vizuri, na nikakaa nacho mkononi bila kujua nikiweke wapi. Waliokuja kutusaidia siku ya pili walikuwa na magari yenye namba za kila mahali. Hakuna aliyeuliza mwingine ametoka wapi.

Sibadilishi neno kuhusu kazi. Mtoto wangu bado yuko nyumbani. Ila sitasema tena kwamba haituhusu.

#6 Binti wa Kihoto (Naivasha)

Nimekuwa nikisoma kimya. Nyar Kano, umeuliza usije ukajifanya unajua kuliko wenye shida, na hapo ndipo nataka kukaa.

Ziwa lilipopanda likaingia Kihoto, walikuja wageni wa shirika moja. Walikuwa na nia nzuri, sitawavunjia heshima. Walimwomba mama yangu asimame mlangoni, maji yakiwa kiunoni, amshike kuku. Kuku hakuwa wetu, walimchukua kwa jirani. Wakapiga picha nyingi. Mama akauliza kama wanaweza kusaidia kubeba kabati, wakasema gari linawangoja. Baada ya miezi 7 binamu yangu aliiona picha ile kwenye karatasi ya kuchangisha pesa. Chini imeandikwa kwamba mama amepoteza kila kitu na hana matumaini. Mama yangu ana matumaini mengi sana. Alichokosa siku ile ni watu wawili wa kubeba kabati.

Basi kabla hamjashona bango wala kuandika barua, pigeni simu Kyotera. Ulizeni: mnataka nini kisemwe, na nini kisisemwe? Jina litajwe au lisitajwe? Na wakisema hawataki lolote, muwe tayari kulikubali jibu hilo.

#7 Kalamu ya Milimani (Kisumu)

Nasomea sheria, mwaka wa tatu. Naongeza upande wa mahakama kwa sababu ni upande wenye mafunzo machungu.

Novemba 2020 mashirika ya kiraia yalipeleka kesi dhidi ya bomba kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 2023 ikatupwa. Majaji hawakufika hata kwenye swali la ardhi au maji. Walisema kesi ililetwa kwa kuchelewa. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi 2 tu. Fikirini mkulima wa Shinyanga ajue ndani ya miezi 2 kwamba serikali mbili mbali na shamba lake zimetia sahihi kitu Kampala! Nawasisitizia jambo hili kwa sababu kazi moja ambayo kikundi cha kijijini kinaweza kuifanya bila fedha ni kueleza watu mapema: karatasi fulani imesainiwa, siku zimeanza kuhesabiwa.

Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Hoima ikaruhusu fidia ya kaya 42 za mradi wa visima vya Tilenga, vya kulilisha bomba, zilizokuwa zimekataa bei, iwekwe mahakamani, na ardhi ichukuliwe. Maombi yaliletwa na uamuzi ukatolewa ndani ya wiki moja. Kesi za maskini hungoja miaka.

Lakini kuna mlango mwingine. Ufaransa ina sheria ya 2017 inayozilazimu kampuni zake kubwa kuwajibika kwa madhara zinayofanya ng'ambo. Kesi ya kwanza dhidi ya Total kuhusu Uganda, iliyoanza 2019, ilikataliwa Februari 2023. Hawakukata tamaa, Juni mwaka uleule Waganda 26 wakarudi na mashirika yao, sasa wanadai fidia. Hao 26 hawangefika Paris peke yao. Kuna mashirika ya Wafaransa yaliyosimama nao mahakamani. Mshikamano ndio huo.

Na kwa mzee anayeuliza mdogo atafanya nini: mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa visiwa vya Pasifiki, darasa moja tu Vanuatu, waliamua kuisukuma dunia iiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu wajibu wa nchi juu ya tabianchi. Serikali ya Vanuatu ikalibeba wazo lao, Umoja wa Mataifa ukalipitisha Machi 29, 2023, na Julai 23, 2025 majaji wa The Hague wakasema, katika ushauri wao wa kisheria, kwamba nchi inayoshindwa kulinda tabianchi inaweza kuwa imevunja sheria, na inaweza kudaiwa fidia. Kano na Budalangi, wenzetu wa Busia wanaofurika kama sisi, zinaweza kuusimamia ushauri huo. Tumechimbiwa kisima na watu tusiowajua, nami nasoma kwa bidii ili siku moja niteke maji hapo kwa niaba ya watu wa kwetu.

#8 Mpaka wa Busia

Neno fupi la tahadhari. Kampala wanafunzi wamekamatwa zaidi ya mara moja kwa kuandamana dhidi ya bomba hili. Mkiandika kutoka Ahero mnalala kwenu, lakini jina la ndugu yenu wa Kyotera likitokea kwenye barua, yeye ndiye atakayebishiwa hodi. Msitume majina kwenye makundi ya WhatsApp, wala picha ya shamba inayoonyesha mlima au kanisa la karibu. Sauti ya mtu nayo hutambulika.

#9 Otieno wa Kondele

Ila bomba si limeshalazwa sehemu kubwa? Hatuchelewi?

#10 Kalamu ya Milimani (Kisumu)

Limelazwa sehemu kubwa, ni kweli kaka. Lakini mkopo hulipwa kwa miaka, na masharti yake yanaweza kudaiwa kwa miaka. Nani atalipa likivuja Kagera? Fidia zilizopunjwa zitaangaliwa upya? Hayo yote yako wazi hadi leo. Kule Lamu pia watu waliambiwa mtambo wa makaa wa megawati 1,050 umeshaamuliwa, leseni imetoka. Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira likaifuta kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na waliowaunga mkono watu wa Lamu hawakuwa wa Lamu peke yao.

#11 Nyar Kano (Ahero)

Nimerudi baada ya wiki 3. Ahsanteni wote, na Binti wa Kihoto ahsante zaidi.

Nilipiga simu kama ulivyosema. Shangazi alikuwepo upande huu na yule binti yake upande ule, pamoja na majirani zake 3, wote wamekaa kuizunguka simu moja. Niliuliza wanataka nini. Nilitegemea waseme pesa. Mmoja akasema, "Andikeni kwamba hatukukataa maendeleo. Tulikataa kupunjwa." Wa pili akataka barua ibebwe na mtu asiye na cha kupoteza upande ule, yaani sisi. Wa tatu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza sisi tunaishije na maji. Nikamweleza ule mstari wa ukutani. Akaomba picha. Nilishangaa, lakini nikampelekea, ukuta tu na swichi. Usiku akanijibu kwa picha ya kigingi cha saruji kilichosimama katikati ya shamba la maharage. Hatukuandikiana neno.

Kikundini tumekubaliana barua moja, kurasa 2, kwa tawi la benki tunakoweka pesa za chama. Tunauliza kama benki yetu ina mkono wowote kwenye mkopo wa bomba, na kama unao, ilidai nini kuhusu fidia na kuhusu Kagera kabla ya kutoa. Mwisho tunauliza ilitenga nini kwa wateja wake wa Kano ambao mikopo yao ilisombwa na maji ya 2024 na bado wanalipa riba. Aya hiyo ya mwisho ilitoka kwa mzee. Alisema hatatia sahihi barua inayolia Kyotera na kusahau Ombaka ya hapa kwetu Kano, na kusema kweli barua imekuwa na nguvu zaidi kwa sababu yake. Jana bado alikuwa hajaamua kusaini. Lakini tulipokosa mahali pa kuandikia, meza tuliyotumia ni yake, na aliibeba mwenyewe.

Bango tumelishona kwa magunia ya mchele wa hapa Ahero, yaliyofuliwa na kufunguliwa mishono. Herufi tumezikata kutoka kanga kuukuu. Limeandikwa MAJI NI MAMOJA. Halina picha wala jina la mtu.

#12 Wa Njoro

Dada, kama kuna nafasi ongezeni swali moja kutoka kwangu, nami nitalisaini hata kwa mbali. Bomba likishafukiwa, ni kazi ngapi zitabaki, na ngapi kati ya hizo ni za watu wa vijiji linapopita? Kijana wangu ndiye aliyenisaidia kuliandika. Anasema angependa kusikia jibu kabla ya kutafuta nauli ya Tanga.

#13 Nyar Kano (Ahero)

Tumeliongeza, ni aya ya 4. Mwambie kijana tunamshukuru, na jibu likija tutamsomea yeye kwanza.

Hadi sasa tuna sahihi 61, na 17 kati ya hizo ni dole gumba. Tunaipeleka Jumatatu, tunapanda matatu ya saa moja na nusu asubuhi pale stejini. Mvuvi wa Dunga atatukuta Kisumu mbele ya tawi, mwalimu atapiga simu saa nne kujua kama wamepokea na kugonga muhuri kwenye nakala yetu. Mtu wa Kondele kama uko karibu na unaweza, tafadhali tuletee kidau cha wino wa dole. Wetu umekauka, na asubuhi hii mzee amesema anakuja nasi.